Upande Mbaya wa Uzio

"Kati ya hawa wote," Verlin aliuliza, "mwenye kelele kuliko wenzake ni yupi?"

Marcy, binti aliyekuwa akimtembeza katikati ya vizimba, alicheka akidhani mzee anatania. Watu wanaokuja kuchukua mbwa kwenye makao yale ya mbwa waliotupwa huuliza mambo mengine: kama anauma, kama anapatana na paka, kama atajaza manyoya kwenye makochi. Wakiuliza habari za kelele, basi wanazikimbia.

"Yupo Amos," akasema. "Lakini huyo, mzee wangu, sikushauri. Amechukuliwa akarudishwa, akachukuliwa tena akarudishwa. Jua likizama tu, anaanza. Majirani wanaita polisi."

"Nioneshe."

Amos alikuwa kwenye kizimba cha mwisho, mbwa wa kuwindia rakuni, wale wanyama wadogo wa usiku, masikio yanaburutika sakafuni na uso kama wa mfiwa. Alipomwona mgeni aliinua kichwa, akafumbua kinywa, na sauti ikatoka. Kubweka hakukuwa kubweka, ulikuwa mlio mmoja mrefu wa kutoka tumboni, ukagonga mabati ya paa na kurudi. Marcy aliziba masikio. Verlin alitabasamu, na kama kuna mtu aliyewahi kumwona Verlin Stiltner akitabasamu tangu alipompoteza Pansy, ajitokeze.

"Huyu huyu," akasema. "Nimempendea sauti."

Marcy akamshika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamlengalenga. Alisema dunia ingekuwa na watu wengi wenye moyo kama wake, makao yale yangefungwa. Verlin aliitikia kwa kichwa na kutazama pembeni. Moyo aliokuja nao asubuhi ile ulikuwa mweusi ti, na angekuwa mtu wa kusema ukweli angemwambia binti wa watu auachie mkono wake.

Pansy alikuwa mbwa wake wa zamani. Marehemu mkewe, Oma, ndiye aliyemchagua angali mtoto wa mbwa, na Oma alipofariki Pansy akahamia kwenye kiti chake, akawa analala hapo kama mwenye nyumba. Mwishowe nyonga zilimwisha. Kupanda pikapu alikuwa anabebwa. Mbwa huyo ndiye ambaye Royce Ratliff, jirani wa upande wa malishoni, alisema kwamba anawaua wanakondoo wake. Asubuhi moja ya majira ya kuzaa kondoo alimkuta amesimama juu ya mwanakondoo aliyeraruliwa, ananusa, akampiga risasi. Sheria ilikuwa upande wake. Mfugaji akimkuta mbwa wa mtu kwenye kondoo wake ana ruhusa, na hakuna wa kumuuliza. Kisha akaja kuuning'iniza ukanda wa shingo wa Pansy kwenye sanduku la barua la Verlin, akaenda zake. Hakubisha hodi wala hakusema pole.

Kanisani watu walimpa Verlin mkono, na baadhi yao wakaongeza maneno ambayo afadhali wangeyameza. "Lakini na wewe, Verlin! Umezungushia uzio nusu ya kaunti hii, kwako hakuna hata fito." Ilikuwa kweli. Kazi yake tangu ujana ni kujenga nyuzio, na uwanja wake ulikuwa wazi hadi malishoni kwa Royce. Kinyozi hajinyoi. Neno hilo ndilo lililomuuma kuliko risasi, maana kwa risasi alikuwa na wa kumlaumu.

Kwa hiyo alitaka mbwa wa kumnyima Royce usingizi. Alimtaka asiguse kondoo wala kuvuka mpaka, akae tu ndani ya uwanja wake halali, alie usiku kucha karibu na dirisha la chumba cha Royce, mpaka Royce aje mlangoni na macho mekundu aombe, na yeye Verlin apate raha ya kumkatalia.

"Ila kuna sharti," Marcy akasema. "Hatutoi mbwa kwa nyumba isiyo na uzio. Nitakuja mwenyewe kuukagua."

"Uzio," Verlin akasema, "utaupata."

Alianzia upande wa Royce. Alichimba mashimo kwa mtaimbo na koleo, akasimamisha nguzo za mkangazi, akazipima kwa timazi moja moja, kwa sababu hasira ni hasira lakini nguzo iliyopinda ni aibu. Halafu akafika pale ambapo mjenzi yeyote wa kule hana haja ya kufikiri hata kidogo. Uzio wa mbao una nyuso mbili. Upande mmoja ni mbao safi zilizosimama bega kwa bega; upande wa pili ndio mgongo, nguzo na mbao za ulalo zote nje, kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Upande mzuri hupewa jirani. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo, na hakuna anayeivunja. Verlin aliwahi kukataa kazi ya tajiri mmoja aliyetaka uso mzuri ubaki kwake. "Tafuta mtu mwingine," alimwambia. "Mimi simtukani mtu nisiyemjua."

Royce alikuwa anamjua. Akashika nyundo, akaugeuza uzio.

Royce alitoka siku ya pili, akasimama malishoni na kofia yake ya manyoya ya kondoo, akitazama mbavu zikipanda moja baada ya nyingine. Ni mtu mnene, mwenye mwendo wa polepole, na hata yeye hakuhitaji kuelezwa.

"Umenipa mgongo, Verlin," akasema.

"Umeona vizuri."

"Baba yako angekuwa hai, angeona haya."

"Baba yangu hakuwahi kuning'iniziwa ukanda wa mbwa kwenye sanduku la barua."

Royce akakwangua koo kana kwamba anataka kusema kitu, akatema mate chini, akarudi kwa kondoo wake.

Marcy alipokuja kukagua, alitikisa nguzo, hazikutikisika. Akapapasa mbao za upande wa ndani, akafurahi. "Umefikiria, mzee! Wengi huacha mbao za ulalo ndani, mbwa anazipanda kama ngazi. Hapa Amos hana pa kukanyaga." Akampiga picha akiwa amemkumbatia mbwa, ya kubandika ukutani kule makaoni, pamoja na za watu wema wengine.

Jua lilipozama, Amos alikwenda moja kwa moja hadi kwenye uzio wa Royce, akainua pua, akaanza. Verlin aliketi barazani na sahani yake ya maharage na mkate wa mahindi, akala kama mtu aliye harusini. Usiku ule hakulala, na hakujali. Kila mlio ulipopaa alimwona Royce akijigeuza kitandani. "Mwimbie, mwanangu," alikuwa akinong'ona gizani. "Mwimbie."

Ikawa hivyo mpaka wanakondoo wa kwanza wa mwaka huo wakaanza kuzaliwa. Verlin macho yalimwingia ndani. Akiwa kazini alijigonga kidole kwa nyundo kama mwanafunzi. Lakini alingoja. Na kweli, asubuhi moja Royce akaja mlangoni.

Macho yake hayakuwa mekundu. Alikuwa ameshika paja la kondoo lililofungwa kwenye karatasi ya bucha.

"Nimeona nije nikushukuru," Royce akasema, akilitazama paja badala ya kumtazama mwenyeji. "Kwa ajili ya mbwa."

Verlin alidhani anakejeliwa. "Unashukuru nini? Hulali."

"Nalala kama mtoto. Koyoti hawashuki, wale mbwa mwitu wadogo wezi. Wakimsikia huyo, wanabaki juu kule mlimani. Mwaka huu sijapoteza mwanakondoo hata mmoja."

Verlin alishika mwimo wa mlango. Miezi yote ile ya kukesha, na kumbe alikuwa anamlindia Royce kondoo bure! Lakini nyuma ya uchungu huo neno jingine likaja, likasimama mbele.

"Mwaka jana," akasema polepole, "baada ya kumuua Pansy, wanakondoo waliendelea kuliwa?"

Royce akalihamishia paja mkono wa pili.

"Nimekuuliza, Royce."

"Wachache."

"Basi ulijua si yeye."

"Nilikuja kujua baadaye."

"Mwaka mzima ulijua. Jumapili kwa Jumapili unakaa benchi la nyuma yangu, unanitazama kisogo, unajua."

"Yaliyopita si ndwele, Verlin," Royce akasema, na sauti yake ilikuwa karibu ya kubembeleza. "Tugange yajayo. Chukua nyama."

"Rudi nayo."

Jioni hiyo, mwanga ukiwa bado umeng'ang'ania vilele vya mlima, Verlin alimwita Amos ndani, akafunga mlango. Mbwa hakuelewa. Alizunguka jikoni, akakwaruza mbao, akamtazama bwana wake kwa ule uso wa msiba. Verlin aliutoa ukanda wa Pansy kwenye msumari, akatoka nao barazani, mlango akaurudisha nyuma yake, akaketi.

Kimya kilichotanda kilikuwa kizito. Kondoo wenyewe walikisikia: mmoja alilia, akaitikiwa na mwingine. Verlin alijua wanakondoo hawakumkosea. Alilijua hilo waziwazi, likamchoma, na hakuinuka.

Koyoti wa kwanza akalia kutoka juu. Wa pili akamjibu, karibu zaidi.

Taa zikawaka kwa Royce. Mlango ukabamizwa, miguu ikakimbia nyasini, halafu kikasikika kishindo kwenye uzio. Kichwa cha Royce kikachomoza juu ya mbao, kisha mabega. Alikuwa amekanyaga mbavu za uzio, zile zile alizogeuziwa, anazipanda kama ngazi.

"Verlin! Mbwa yuko wapi?"

"Ndani. Amepumzika."

"Mtoe, bwana! Huwasikii? Wanashuka!"

"Si ulisema tugange yajayo?" Verlin akasema. "Hayo yanakuja. Yagange."

"Nina bunduki moja na giza linaingia, wako pande zote! Nitakununulia mbwa mwingine, mzuri, wa mbegu bora, umtakaye wewe."

"Mbwa ninaye."

Royce aligeuka kutazama malishoni, akageuka tena. Mbao zililia chini ya uzito wake. "Pansy alikuwa mbwa mwema," akasema.

"Hilo nalijua. Mimi ndiye niliyemlea. Sema lile ambalo sijalisikia kwako."

"Mbele ya nani? Tuko wawili tu hapa."

"Inatosha."

Wanakondoo sasa walikuwa wanalia wote kwa pamoja, na mama zao wakikanyaga huku na huku. Verlin akasimama, ukanda wa shingo ukining'inia kidoleni, akausogelea mlango. Nyuma ya mlango Amos alikuwa akihema na kukwaruza, akinguruma kwa sauti ya chini iliyokuwa inakua. Royce alikuwa ameshika ncha za mbao kwa mikono miwili, kofia imemwanguka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya risasi alimtazama Verlin usoni.

Akafumbua kinywa.

Verlin akaweka mkono juu ya komeo, asilivute, akangoja.