Siku ya Chembe Kituntu

Mwalimu Placidia aliihangaikia siku ile miaka miwili. Aliwaandikia Chuo Kikuu, wakanyamaza, akaandika tena, mpaka mwaka 1989 wahadhiri wakakubali kupanda milima ya Karagwe na kuja kwenye sekondari yao ya wazazi kule Kituntu. Wangewaonyesha wanafunzi njia za chembe ndogo mno, zinazotunyeshea kutoka angani usiku na mchana bila sisi kuzihisi. Walimu wenzake walimcheka. Shule haina hata choo cha maana, yeye anataka chembe!

Lakini Placidia alikuwa na lake moyoni. Mukabera, binti wa kidato cha tatu aliyewaacha wavulana wote nyuma katika fizikia, alikuwa amekwisha kuchumbiwa na watu wa Mabira. Baba yake, Mbonimpa, kibarua wa mashamba ya kahawa aliyetoka Rwanda angali kijana, hakuwa mtu mkatili. Alichoka tu kuhangaikia kitu asichokiona.

"Mwalimu," alimwambia, "hiyo fizikia unayoisifu sijaiona hata siku moja. Nitakuja. Nikimwona mwanangu anafanya kitu ambacho mama yake hakukijua, nitawarudishia watu wa Mabira ng'ombe wao. Nisipoona, usinifuate tena."

Wageni walifika asubuhi. Dakta Kaijage, mkuu wa msafara, alishuka na sanduku la barafu kavu kutoka Mwanza, ile isiyogeuka maji bali hutoweka hewani kama moshi. Juu yake kingewekwa kisanduku cha kioo chenye mvuke wa spiriti, na kila chembe ikipita ingeacha mstari mweupe, mwembamba kama uzi.

"Tuanze mara moja," alisema. "Barafu imeshapungua njiani."

"Kuanza?" Mwalimu Mkuu alishtuka kana kwamba ametukanwa. "Dakta, kwetu hapa mgeni hafanyi kazi na njaa. Watu watatusema!"

Dakta, mtoto wa Kihaya aliyelelewa akaleleka, alijua kwamba kukataa chakula cha watu ni kuwatukana. Akaketi. Zikaja buni za kutafuna, zikaja ndizi kwa nyama ya mbuzi, ikaja rubisi, pombe ya ndizi, na nyuma ya rubisi zikaja hotuba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; hawa walikuwa wa siku moja, basi nani angethubutu kuwapa hata kazi waliyoijia?

Wasichana wote wa kidato cha tatu walipelekwa jikoni. Placidia akamfuata Mkuu.

"Mukabera abaki, Mkuu. Yeye ndiye atakayewaonyesha wenzake."

"Na wageni watahudumiwa na nani? Wavulana?"

Mkuu alicheka, walimu wakacheka naye, na Placidia, Mungu amsamehe, akatabasamu. Aliona haya kubishana mbele ya wageni. "Kimbia, mwanangu," alimwambia Mukabera, "utarudi kabla hawajaanza."

Sanduku lilipofunguliwa baada ya hotuba ya mwisho, barafu iliyobaki haikujaza viganja viwili. Madirisha yakazibwa kwa mablanketi, taa ikawashwa kando ya kioo, na wavulana wakarukiana mabegani. "Ile pale! Nyingine hiyo!" Placidia hakungoja kuona. Alikimbilia jikoni, akamshika Mukabera mkono uliojaa povu hadi kiwikoni, akampasulia njia katikati ya wavulana.

Binti akainama. Kioo kilikuwa cheusi. Akangoja, akainama zaidi, na hakuna kilichopita.

"Barafu imekwisha, binti," Dakta alisema kwa upole. "Labda mwakani."

Nje, Mbonimpa alikuwa amesimama na koti lake la kanisani, kati ya darasa na jiko.

"Mzee, zimeonekana!" Placidia alisema, akitweta. "Haki ya Mungu zimeonekana, waulize wavulana!"

"Mimi nimemwona wangu, Mwalimu. Nipo hapa tangu asubuhi." Hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma Placidia. "Anaosha sahani vizuri sana. Mama yake alimfundisha."

Akamwita binti yake kwa Kinyarwanda. Mukabera akajifuta povu kwenye sketi ya shule, akamfuata bila kugeuka.

"Mwalimu Placidia!" Mkuu aliita kutoka mlangoni. "Wageni wanataka maji ya kunawa."

Naye akayapeleka.