Kuujaribu Moyo

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, wala sina wa kumsingizia, maana naishi peke yangu.

Kazi yangu ni kutengeneza cherehani. Ikiletwa inayoruka mshono, naikaza, kisha nailegeza kidogo nione kama itarudia ugonjwa. Isiporudia, imepona. Basi moyo wangu ulipoanza kwenda mbio kama mbuzi aliyekata kamba, daktari akanipa vidonge vya kutuliza mapigo. Nikameza kwa adabu, ukatulia. Nikasema, haya, tulegeze tuone. Vidonge nikavifungia kabatini.

Zamani kuusikiliza moyo huu ilikuwa kazi ya mke wangu. Aliweka sikio kifuani pangu, akasema, "Bado umo, mzee." Tangu tumzike, nausikiliza mwenyewe, kiganja kifuani, redio nimeizima.

Asubuhi moja, nimeinama kuokota bobini ya uzi, mbuzi akakata kamba tena. Macho yakaingia kiza. Nikakaa sakafuni, nikaita. Kumwita nani, hata sijui. Cherehani zimejaa chumba kizima, hakuna hata moja iliyogeuka. Mteja aliyefuata mashine yake ndiye aliyenikuta, akanikimbiza hospitali.

Binti yangu akaja, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Baba, nani alikwambia uache dawa?"

"Sikuacha, mama. Nilikuwa naujaribu. Kitu kikishatengenezwa hujaribiwa."

"Moyo ulitulia kwa sababu ulikuwa unameza. Ndiyo kazi ya dawa hiyo."

"Nesi naye kaniambia hivyohivyo. Mmepanga?"

Hakucheka. Kwa kawaida hucheka.

"Ukitoka hapa unahamia kwangu. Dawa utameza nikikuona."

"Kwako nitakuwa mgeni wa kukaribishwa kila mlo. Kwangu nalala nikitaka, naamka nikitaka."

"Na unaanguka ukitaka."

Hapo alinipata, lakini mimi nimepigwa na dunia hadi nimezoea. Sianguki kwa kofi moja.

"Nilianguka, nikaokotwa," nikamwambia. "Mlango wangu haukauki watu. Yule bwana ni mteja wangu wa miaka. Mtaa ule wote ni ndugu zangu, nikikohoa tu wanasikia. Unadhani niko peke yangu?"

Akaivuta shuka kunifunika miguu.

"Baba, yule ndugu yako alipiga namba ya kwanza aliyoikuta kwenye simu yako, akaniuliza mimi unaitwa nani."