Mkanda Ndani ya Kitambaa

Kuna watu wakiona kitu kibovu hawapati usingizi, na Bisibisi alikuwa mmoja wao. Redio ya jirani ikikoroma, mkono unamwasha. Ndiyo maana chama cha mafundi cha kwao kilipotafuta mtu wa kujitolea miezi mitatu nje ya nchi, kutengeneza vifaa katika hospitali ya umma, yeye alijitaja kabla barua haijamalizwa kusomwa.

Alipangiwa kukaa kwa mama mmoja, kiongozi wa madobi wa hospitali ile ile, na mumewe, dereva mstaafu ambaye siku hizi aliendesha kochi la sebuleni tu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mzee alimlaki mlangoni, akampokea sanduku la spana. Bega likamshuka. "Loo! Umebeba nguo au reli?"

Siku ya tatu Bisibisi alirudi ghafla kuchukua funguo alizosahau, akawakuta wenyeji wake wanakunja godoro jembamba nyuma ya kochi. Hapo ndipo alipojua kuwa kitanda alicholalia kilikuwa chao. Mama wala hakutahayari.

"Mgongo wako ndio unaoinama kwenye mashine kutwa nzima," alisema. "Wa baba yako huyu umestaafu."

"Umestaafu bila kiinua mgongo," mzee akadakia.

Kitanda kile kilimkaa Bisibisi kooni. Alitaka kurudisha fadhila, na alijua pa kuanzia: mikono ya mama. Kila jioni akipewa kikombe cha chai aliviona vidole vile, vimepasuka kama udongo wa kiangazi kwa sabuni na dawa ya madoa. Madobi tisa walifua kwa mkono mashuka ya hospitali nzima kwenye karo za saruji, na hatua tano kutoka hapo ilikaa mashine kubwa ya kufulia, imefunikwa turubai mwaka wa pili.

"Ile mbona haitengenezwi, mama?"

"Ile imejifia. Wewe shughulika na vitanda vya wagonjwa."

Jumapili, madobi wa zamu wakiwa uani wanaanika, Bisibisi alifunua turubai. Mota nzima. Nyaya nzima. Kilichokosekana ni mkanda wa kuzungushia pipa, basi. Aliupata kabatini nyuma ya magunia ya sabuni: umeviringishwa vizuri, umepakwa poda usikauke, umefungwa kwenye kitambaa chenye ua jekundu lililodariziwa pembeni. Fundi mwenye akili zake angejiuliza, kitu kilichotunzwa hivi kimefichwa na nani, na kwa nini? Bisibisi hakujiuliza. Furaha ya kumpa mama zawadi ilishamziba macho.

Jumatatu asubuhi mashine ikanguruma. Katibu wa hospitali akashuka mwenyewe kutoka ofisini, akapigwa picha kana kwamba yeye ndiye aliyelala chini yake na grisi usoni. Madobi walitazamana. Mama aliutazama mkanda unavyozunguka, kisha akamtazama Bisibisi.

"Hongera, mwanangu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani.

Jumatano tangazo likabandikwa. Kwa kuwa mashine imetengenezwa, madobi sita kati ya tisa hawatahitajika tena ifikapo mwisho wa mwezi. Jina la kwanza lilikuwa la mama. Miaka ishirini na miwili ya kufua damu za watu, imefutwa kwa mistari minne na muhuri.

Bisibisi alisoma mara mbili. Haya aliyajua. Baba yake alikuwa msokota nyuzi kiwandani, na Bisibisi alipokuwa mtoto alikuja fundi mgeni, mpole, mcheshi, akala kwao mara mbili, akamfundisha yeye kushika bisibisi. Hapo ndipo jina hilo lilipotoka. Mashine ya mgeni ilipowaka, watu arobaini wakaambiwa wasirudi, baba yake akiwemo. Robo karne Bisibisi alimchukia mtu yule. Na leo mtu yule ni yeye.

Jioni alikaa kwenye kizingiti, hataki kuingia. Mama akamfuata.

"Chakula kinapoa."

"Mama, siwezi kula kwako. Mimi ndiye niliyekutoa kazini."

"Na ukilala njaa nitarudishwa? Inuka."

Mezani sahani yake ilikuwa imeshapakuliwa, ya kwanza kama kawaida, imejaa kama kawaida. Alipoiona tu akaanza kulia.

"Mkanda niliutoa mimi," mama alisema. "Mwaka juzi nilimsikia katibu akitamba kuwa mashine ikikaa sawa, atatupunguza. Nikaizima."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Mgeni huonyeshwa kitanda, haonyeshwi kidonda. Nikadhani nikikwambia imekufa, utaiacha izikwe."

Mzee akacheka mpaka kijiko kikamponyoka. "Mke wangu! Umemwonyesha paka samaki, ukamwambia huyu mgonjwa, usimguse!"

Bisibisi akacheka na machozi yakimtoka. "Kesho nautoa," alisema.

"Huutoi." Mama akaviweka vidole vyake mezani, chini ya taa. "Siku mbili hizi havijatoka damu. Nilipouficha nililinda kazi yetu, lakini kwa ngozi yangu. Mashine si adui yangu, mwanangu. Adui yangu ana muhuri."

Ikabaki karatasi moja: hati ya makabidhiano. Mashine ilikuwa kwenye majaribio tu, isingeruhusiwa kutumika rasmi bila saini ya fundi, na katibu alishajaza mwenyewe idadi ya wahudumu wake: watatu. Alhamisi Bisibisi alishika daftari, akalifuata shuka moja tangu linavuliwa kitandani. Likakusanywa, likachambuliwa, likalowekwa, likapakiwa, likafuliwa, likatolewa, likaanikwa, likaanuliwa, likashonwa lilipochanika, likapigwa pasi, likarudishwa wodini. Kazi kumi na moja. Mashine ilifanya moja.

Ijumaa, ofisini kwa katibu, alikata neno "watatu", akaandika "tisa", ndipo akasaini.

"Wewe umekuja kujitolea," katibu alifoka. "Umekuja kutusaidia!"

"Kweli. Ila hukuuliza nimekuja kumsaidia nani."

"Kesho naweza kukurudisha kwenu!"

"Unaweza," Bisibisi alijibu, akamsogezea hati. Akirudishwa kwa aibu, chama kisingemtuma tena popote.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Mama akaingia, na madobi wanane nyuma yake, wanafuta mikono kwenye aproni.

"Mheshimiwa, tumekuletea salamu za mashine. Mashuka ya asubuhi imeshayafua. Sisi tumekaa, tunasubiri yajianike."

Wakaketi sakafuni kwenye korido, wote tisa. Bisibisi akatoka, akaketi wa kumi. Hakuna aliyepiga kelele. Saa sita muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji aliteremka akiwa moto, hana hata shuka moja kavu. Katibu alikimbia mwenyewe kufungua mashine, akakuta mashuka yamejisokota kama kamba ya kufungia ng'ombe. Alivuta. Hayakutoka. Akavuta tena, maji yakamjaa viatuni.

Kabla ya saa tisa tangazo lilibanduliwa, na hati ikapigwa muhuri: wahudumu tisa. Madobi wakasimama, wakaenda kuanika.

Siku ya kuondoka, Bisibisi aliamka mapema, akalitandika lile godoro jembamba kitandani mwa wenyeji juu ya godoro lao nene, apate kuwaachia walau hilo. Alikuwa na maneno aliyoyapanga wiki nzima. Alipofika mbele ya mama yote yakamtoka, akabaki na "asante" tu, mara tatu. Mama akamshika viganja kwa vidole ambavyo nyufa zake zilikuwa zimeziba.

"Ya nini? Mimi ndiye niliyepona. Njoo huku kabla gari halijafika."

Akampeleka mpaka chumba cha kufulia, akazima mashine. Kile kitambaa cha ua jekundu kilichungulia mfukoni mwa aproni.

"Nifundishe kuufunga mkanda," alisema. "Kuutoa najua."