Damu ya Chengo

Kifungu cha nane cha mwongozo wa utafiti kilikuwa na mistari minne tu, na Damaris Kaingu, msimamizi wa maabara, ndiye aliyekiandika. Kilisema kwamba majibu ya mashine mpya yasipelekwe wodini mpaka watoto mia tano wawe wamepimwa. Siku walipokijadili, Dkt. Amisha, mkuu wa utafiti, alitaka daktari aachiwe upenyo pale anapoona haja. Damaris alikataa. Mashine bado inajaribiwa, alisema. Tukianza kutibu watoto kwa maneno yake, tutajuaje kama maneno hayo ni ya kweli? Amisha alicheka, akasema mwanamke huyu angekuwa hakimu angemfunga hata mamake, kisha akatia sahihi.

Maabara ilikuwa vyumba viwili nyuma ya hospitali ya misheni, kwenye barabara itokayo Malindi kwenda bara. Kazi yao ilikuwa kulinganisha njia mbili za kutafuta bakteria katika damu ya watoto wachanga. Njia ya zamani ni chupa: damu kidogo hutiwa katika supu ya kulishia vijidudu, chupa ikatunzwa kwenye joto, watu wakangoja siku mbili hadi tano waone kama kitaota kitu. Njia mpya ni mashine yenye ukubwa wa redio, isomayo vinasaba vya bakteria katika tone la damu kwa saa mbili. Katika watoto mia mbili na kumi na mmoja wa kwanza, mashine ilikuwa imedai kuona bakteria mara saba ambapo chupa haikuotesha kitu. Damaris aliyaita madai hayo saba makosa ya mashine, na hakuwa na sababu ya kuyaita vingine.

Mtoto wa mia mbili na kumi na mbili aliitwa Chengo. Alikuwa na umri wa siku tisa. Aliletwa Jumatatu asubuhi kutoka Kakuyuni na mama yake, Mapenzi, wakifuatana na mavyaa yake Mapenzi, Bi Kadzo. Alikuwa na homa na amekataa titi. Muuguzi aliuliza, kama fomu inavyotaka, iwapo mtoto amekwisha kupewa dawa yoyote nyumbani. Mapenzi akasema hakupewa. Damu ikatolewa, kisha mtoto akaanzishiwa sindano za kuua bakteria.

Jumanne, zamu ya damu yake ilipofika, mashine ilitoa jibu: ekolai, bakteria wa tumboni ambaye akiingia katika damu ya kichanga huwa hana mchezo. Damaris aliliandika katika daftari la utafiti, akalifungia kabatini.

Jumatano chupa ilitimiza saa arobaini na nane bila kuota kitu. Kosa la nane, Damaris alijisemea. Daktari wa wodi alipiga simu kuuliza. Wodi ilikuwa imejaa, vichanga wawili wawili kila kitanda, na Chengo alikuwa ameanza kunyonya na homa imeshuka.

“Hakuna kitu kabisa?” daktari aliuliza.

Damaris alilitupia jicho kabati. “Kwenye chupa, hakuna,” alisema.

Kila neno katika jibu hilo lilikuwa sahihi. Daktari alisimamisha sindano, na Alhamisi Mapenzi akarudi kwao na mwanawe mgongoni.

Jumapili walimrudisha akiwa na degedege. Jumatatu, kabla ya adhuhuri, alikufa. Damu aliyotolewa mara hii iliota chupani ndani ya saa kumi na moja. Ilikuwa ekolai.

Damaris hakulia. Alifanya alichojua kufanya: alitafuta kosa lilipo. Kwenye jokofu kulikuwa na mabaki ya damu ya kwanza. Alichukua tone, akaliweka juu ya kikaratasi katikati ya sahani iliyopandwa bakteria dhaifu, wale wanaokufa kwa dawa kidogo tu. Kipimo hicho kwa kawaida kilifanywa mwisho wa mwezi, sampuli zote kwa pamoja. Kesho yake sahani nzima ilikuwa imefunikwa na utando wa bakteria, isipokuwa pale kukizunguka kikaratasi. Pale palikuwa na duara safi, pana kama kifungo cha koti. Damu ile ilikuwa na dawa tayari, kabla hospitali haijachoma sindano ya kwanza. Dawa hiyo ilikuwa haba kwa kumponya mtoto, lakini ilitosha kuwazuia bakteria wasiote chupani.

Duara lile lilieleza kila kitu. Mama alificha dawa, chupa ikadanganyika, daktari akaiamini chupa. Mtu angeweza kuishia hapo, na ripoti ingepita bila swali. Damaris aliitazama sahani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Alimpelekea Amisha sahani na daftari pamoja. Amisha alisoma, akavua miwani. Alisema utafiti utasimama mpaka kamati ikutane, na kwamba kifungu kile walikipitisha wote.

“Mimi ndiye niliyekiandika,” Damaris alisema.

“Na mimi nilitia sahihi, dada. Usijipe kazi yote peke yako.”

Fomu ya ridhaa iliahidi kwamba familia zitaletewa majibu nyumbani. Kazi hiyo ilikuwa ya Nyale, mhudumu wa utafiti, mwenyeji wa Marafa aliyejua kila kichochoro cha bara. Damaris alipomwambia kwamba safari hii watakwenda wote, Nyale alimpigia saluti, akasema kumbe wakubwa nao wana miguu. Alipomwona hacheki, akaacha.

Walimkuta Mapenzi ameketi mkekani uani, akipukuchua mahindi. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, na kifuani leso yake ilikuwa imelowa maziwa. Bi Kadzo alitoka na vigoda. Damaris alimwamkia shikamoo, akatoa pole ya msiba. Mwaro, baba wa mtoto, alikuwa amerudi Junju kwenye machimbo ya mawe. Kichanga hafanyiwi matanga marefu.

Damaris alieleza habari ya duara kwa maneno mepesi, kisha akauliza kama kulikuwa na dawa.

Mapenzi alimtazama mavyaa yake. Bi Kadzo ndiye aliyejibu. Alisema ile dawa ya maji aliinunua yeye mwenyewe dukani, akampa mtoto vijiko viwili Jumapili ile kabla ya kuja hospitali na kimoja alfajiri ya Jumatatu, na ni yeye aliyemkataza mkwewe asiseme. Katika zahanati waliyoizoea, mama akikiri amempa mtoto dawa ya dukani hutolewa mbele ya wenzake, husemwa vibaya, halafu hurudishwa mwisho wa foleni. Wanawake wote wa pale wanafunzana: ukiulizwa, sema hakupewa kitu.

“Mtoto alikuwa anawaka moto,” Bi Kadzo alisema. “Ningekubali arudishwe nyuma?”

“Kwa hivyo ni mimi,” Mapenzi alisema taratibu, bila kuinua macho. “Ningesema, angepona.”

Nyale alijikohoza. Damaris aliona kwamba angeweza kunyamaza, na kimya chake kingekuwa jibu.

“Ungesema, daktari asingeiamini chupa. Hilo ni kweli,” alisema. “Lakini kuna mashine nyingine, ile mliyoelezwa kwenye fomu. Yenyewe iliwaona wale vijidudu. Daktari aliponiuliza, sikumwambia. Tulikuwa na kanuni ya kutosema, na kanuni hiyo niliiandika mimi.”

Mapenzi aliweka gunzi chini. “Mashine iliona lini?”

“Jumanne.”

“Jumanne tulikuwa bado huko.”

“Ndiyo.”

“Nilikuwa bombani, nafua nepi zake. Ulipita.” Alimkazia macho. “Ukaniuliza mtoto anaendeleaje.”

Damaris alijaribu kukumbuka, akakuta hakumbuki. Huwasalimu akina mama wote wa bombani.

“Nikakwambia anaendelea vizuri,” Mapenzi alisema. “Na wewe ukasema alhamdulillah.”

Kuku walisogea kwenye mahindi na hakuna aliyewafukuza. Damaris alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Alikuwa amepanga namna ya kuyapokea. Hakuna aliyemtukana. Bi Kadzo alikuwa amejifunika uso kwa upande wa leso.

Mwishowe Mapenzi aliuliza kama watu wa maabara hufanya kazi Jumamosi. Damaris akasema wanaweza.

“Mwaro huja Jumamosi. Yeye anajua ni mimi niliyeficha, na tangu mazishi hajasema nami. Uje umwambie haya yote, vile vile ulivyoniambia. Usipunguze.”

“Nitakuja.”

“Na hilo la bombani pia umwambie.”

Walipofika njiani, Nyale alitoa fomu akauliza kama aweke alama kwamba familia imearifiwa. Damaris alimwambia asiweke kwanza, baba hajasikia.