Nati ya Tisa

Ti. Ti. Ti. Kabla ya adhana, matone ya mvua yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye bati hadi kwenye sufuria iliyotegwa uani. Bi Nasma aliyasikia akiwa kitandani, moyo ukatulia kidogo. Hayo ndiyo maji ya Morris.

Morris lilikuwa gari la marehemu mumewe, Uweso. Maji ya visima vya Makorora yana chumvi, kwa hiyo Uweso hakuwahi kulinywesha ila maji ya mvua yaliyochanganywa na kulanti, dawa ya kupoza injini. Naye kila Alhamisi, akishafukiza ubani, alidondoshea oili nati na stadi, zile skrubu ndefu zinazobana hedi, kifuniko cha juu cha injini. "Stadi ikishikwa na kutu," alikuwa akisema, "ukiilazimisha inakatikia ndani. Hapo huna gari, una chuma." Alipofariki, Bi Nasma aliishika Alhamisi ile kwa miaka tisa.

Mwanawe Tahiri alimcheka. "Mama, unalikanda gari kama mzazi!"

Sasa gari lilikuwa likitoa moshi mweupe. Gasketi ya hedi imeungua, lazima hedi ifunguliwe. Tahiri akasema wazi: hedi ikigoma kutoka, anamwita mnunuzi wa vyuma chakavu leo leo. Bi Nasma akakubali.

Gari jingine likalivuta kwa kamba mpaka Muheza, kwa fundi Zabron.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Wazima hapa?"

Zabron akamwekea kiti kivulini, akakifuta kwa shati lake mwenyewe. Bi Nasma aliliona hilo. Lakini aliuona pia mtungi wa gesi uliokwisha kusogezwa karibu na Morris.

"Usinune, bibi. Magari ya pwani stadi zimeoana na hedi. Talaka yao ni moto."

"Jaribu spana kwanza. Mimi sikufunga ndoa yoyote humo."

Zabron akacheka, akainama. Nati ya kwanza ikalia *krii*, ikazunguka. Ya pili vilevile. Ya tano Zabron akaacha kucheka. Ya nane akamtazama bibi kama mtu aliyekutana na mwalimu wake wa zamani.

Ya tisa ikagoma.

Zabron akaisukuma tena kwa spana, mishipa ikamtoka shingoni. Wapi. Tahiri alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mama... ulipolazwa mwezi wa nne, maji yalipungua. Nikatia ya kisimani."

"Ndoo ngapi?"

"Mbili. Na Alhamisi zile sikutia oili."

Bi Nasma akakumbuka kwamba mwezi ule ule, Tahiri huyu alilala sakafuni hospitali siku kumi, pembeni ya kitanda chake.

"Basi hukuwa na mikono miwili ya ziada," akasema. Zabron alikuwa ameshanyanyua nyundo. "Weka chini, baba. Nipe oili, tena ya moto. Kisha tunywe chai."

"Chai, bibi?"

"Chuma hakitaki haraka."

Akaidondoshea nati ile mwenyewe, tone kwa tone, akaizungushia kitambaa kilicholowa oili. Wakanywa chai. Wakala machungwa. Akaongeza oili. Tahiri alitazama saa mara tatu. Adhuhuri ilipopita, Bi Nasma akaashiria kwa kichwa: haya.

Zabron akasukuma polepole. *Krii.*

"Imekubali!" Tahiri aliruka kama mtoto. Yeye na fundi wakaishika hedi huku na huku, ikanyanyuka kama kifuniko cha chungu. Stadi zote tisa zilisimama nzima. Zabron akaifungua moja, akapitisha kidole kwenye meno ya stadi hiyo: grisi ya shaba aliyoipaka Uweso bado laini.

"Miaka tisa!" Akawaita mafundi wake wote. "Njooni muone kazi ya bibi!"

Wakazisugua stadi kwa brashi ya waya, wakazipaka grisi mpya, Bi Nasma akisimamia. "Mpaka kwenye kitako, baba. Usinionee aibu." Gasketi mpya ikawekwa, hedi ikarudishwa, na Tahiri ndiye aliyetia kwenye rejeta maji ya mvua waliyotoka nayo nyumbani, asimwage hata tone.

Alasiri Morris likanguruma, bila moshi. Tahiri akamfungulia mama yake mlango, habari ya vyuma chakavu haikutajwa tena.

Zabron akaja mbio na mfuko wa machungwa, akauweka miguuni kwa bibi, akainama dirishani.

"Bibi, njoo tena. Alhamisi yoyote. Usingoje gari liumwe."