Siku Baldo Aliposingizia Upepo

Upepo! Eti upepo! Mzee Baldo huyu huyu, mtu ambaye ukimwuliza kama kazipenda nywele zako mpya atakujibu hapana mbele za watu, leo kawaambia wakubwa wetu wa Ujerumani kwenye laini ya simu, sauti kavu kabisa, kwamba huku kwetu kuna upepo!

Nyie, upepo haukuwepo. Moshi wa jiko la kantini ulikuwa umepanda juu, umenyooka kama uzi. Ng'ombe wa majirani walikuwa wamelala kwenye kivuli cha madishi, hata mkia hawatikisi. Ndipo ukasikika ule mngurumo, na dishi kubwa likaanza kuinua uso. Likainuka taratibu mpaka likatazama mbingu moja kwa moja, kama bakuli linalosubiri mvua. Kituoni kwetu hapa Uhispania, tunakozungumza na vyombo vya angani, dishi likikaa hivyo mchana, maana yake ni moja tu: upepo umezidi, limefungwa lisije likang'oka.

Práxedes, mpishi wetu, akatoka nje na mwiko mkononi.

"Huo upepo uko wapi?" akauliza. "Mbona nzi wangu wametulia?"

Watu wakacheka. Ndani, Baldo hakucheka. Alikuwa kwenye kiti chake mbele ya skrini, mikono kaiweka mapajani kama mtoto aliyevunja glasi.

Leo ilikuwa siku ya kumzima Bibi. Jina lake rasmi ni Calandria, chombo kilichotumwa kwenye sayari ya Zohali wakati mimi bado nanyonya, lakini kituoni hakuna anayekiita hivyo. Ni Bibi tu. "Bibi kaamkaje?" "Bibi leo anakohoa." Mafuta yamemwishia, macho yake mawili kati ya matatu yamekufa, na wakubwa Ujerumani wameamua atumiwe amri ya mwisho: zima redio yako, nyamaza. Ilikuwa iwe wiki ijayo. Asubuhi hii wakapiga simu wakasema hapana, ni leo, kabla ya chakula cha mchana.

Na kumzima kunapitia kwa Baldo, kwa sababu hapa kwetu dishi kubwa ndilo pekee lenye sauti ya kufika huko, na dishi kubwa ni lake. Wenzake wote walishahamia vyombo vipya. Yeye alikataa. Miaka ishirini na kitu anamfuata yuleyule, akimpokea anapochomoza upande wa Ávila, akimsindikiza mpaka anazama nyuma ya vilima. Jioni anateremka kijijini, anafungua nyumba iliyo nyuma ya kanisa, nyumba ya sahani moja na kikombe kimoja, anakula, analala. Mke hakuoa. Dada yake alihamia Zaragoza, huonana Krismasi, na si kila Krismasi.

Lakini Baldo alikuwa na Darlene.

Msianze kuchekelea, si hivyo. Bibi akizama kwetu, anakuwa ameshachomoza Kalifornia, kwenye jangwa lao, na kule kuna mama mmoja anaitwa Darlene anampokea. Hivi vyombo vipya vinakabidhiwa kwa kompyuta, hakuna anayefungua mdomo. Bibi ni wa zamani, lazima akabidhiwe kwa mdomo. Baldo anasema, "Nakukabidhi." Darlene anasema, "Nimempokea." Ndiyo kazi, imekwisha. Ila hawa wawili, sijui walianza lini, kabla ya kukata laini kila mmoja anadaiwa neno moja. Baldo anataja alichokula mchana. Darlene anataja kumekucha rangi gani kwake.

"Dengu na soseji."

"Hapa kama ganda la komamanga."

Basi. Wamefanya hivyo tangu nywele za Baldo zikiwa nyeusi. Hawajawahi kuonana, hata picha. Na jana walikabidhiana kama kawaida bila kujua kwamba ndiyo ya mwisho. Bibi akizimwa kabla ya mchana, Darlene ataamka akute hakuna cha kupokea, na ile laini itafungwa.

Sasa mmeelewa upepo ulitoka wapi.

Mkuu wa kituo, Rosaura, akapanda ngazi mbili mbili. Ni mdogo kwa Baldo kwa umri, anamheshimu, lakini leo shingo ilikuwa nyekundu.

"Mzee Baldo, kipimo cha upepo kinasemaje?"

"Kinasema kidogo. Lakini upepo uko juu."

"Juu wapi?"

"Juu."

Rosaura akachungulia dirishani. "Hata bendera imelala, mzee wangu."

"Ile bendera nzito."

Mimi meza yangu iko ubavuni mwake. Nilijitia kutafuta kalamu sakafuni, maana ningecheka ningefukuzwa. Rosaura angefanya nini? Sheria yetu ni moja: aliyekalia kiti cha dishi akisema upepo, ni upepo, hata waziri habishi. Iliwekwa kwa kuaminiana, kwamba hakuna ambaye angedanganya. Na kama kuna mtu ambaye usingemfikiria, ni huyu. Rosaura akainua simu, akawaambia Wajerumani wasubiri.

Wakasubiri. Mchana ukapita. Práxedes akaleta sahani ya viazi na mayai, akaiweka mbele ya Baldo, akasimama.

"Kula, wewe. Au upepo umekuziba na koo?"

"Niache, Práxedes."

Akamwacha, kitu ambacho Práxedes hajawahi kumfanyia mtu. Viazi vikapoa. Nje dishi limetazama juu, halimsikilizi mtu. Nilimwibia Baldo jicho. Alikuwa anatazama mstari wa Bibi kwenye skrini yake, ambao ulikuwa mtupu kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amegeuza uso wa dishi.

Jua lilipoanza kuegemea, laini ikakohoa.

"Habari ya Uhispania." Sauti ya mwanamke mtu mzima, nzito kidogo, ya mtu mwenye kahawa mkononi.

Baldo akanyooka kama kaitwa shuleni. "Habari, Darlene." Kiingereza chake ni cha kubahatisha, lakini akiongea na Darlene hakosei.

"Ninamwona Bibi. Anachomoza vizuri. Nimeambiwa mna upepo."

"Ndiyo."

"Umekula nini leo?"

Baldo akaitazama ile sahani. "Sijala."

Laini ikawa inavuma tu, bahari nzima katikati yao.

"Baldo," akasema Darlene, "kuna upepo kweli?"

Chumba kizima tukamgeukia. Rosaura yuko mlangoni, kakunja mikono.

"Hapana," akasema Baldo.

Darlene hakumcheka. Nilidhani atacheka, au atalia, Wamarekani huwezi kujua. Akasema polepole, "Na mimi ningefanya hivyohivyo. Ila kuna jambo hawajakuambia, naona. Kwa kuwa dishi lenu limefungwa, amri wameileta kwangu. Mimi ndiye nitakayemzima. Wananihesabia dakika hapa."

Nyie, mlipaswa kuiona sura ya Baldo. Alikuwa amejiibia saa chache apate kumuaga mtu mmoja, na kumbe ile kazi kamtwika mtu huyohuyo. Akasimama. Kiti kikarudi nyuma kikagonga meza yangu.

"Hapana. Usiguse."

"Baldo, ni amri tu. Nitaifanya, usijali."

"Usiguse, nakuambia! Wewe ulikuwa unampokea. Siku zote ulikuwa unampokea tu." Akamgeukia Rosaura, na mbele yetu sote akasema, "Mkuu, upepo umetulia."

Rosaura angeweza kumwadhibu palepale. Aliangalia dirishani, kwenye ile bendera iliyolala tangu asubuhi.

"Naona," akasema. "Umetulia sana. Harakisha."

Dishi likashuka. Lilikuwa na kazi, kwa sababu Bibi alikuwa ameshakaribia vilima, na likiinama zaidi ya kiasi linajifunga lenyewe. Likageuka magharibi likinguruma, ng'ombe wakainuka wakasogea. Na mara kwenye skrini ule mstari ukatokea, mwembamba, unatetemeka. Bibi anaongea. Anasema joto lake, anasema yuko wapi, yale yale aliyoyasema maisha yake yote. Hajui kitu.

Rosaura akawaita Wajerumani, nao wakairudisha amri kwetu. Baldo akaisoma, akaisoma tena. Kisha akabonyeza, kwa kidole kimoja, taratibu, jinsi unavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa aliyelala.

"Imetoka," akasema.

Hakuna kilichobadilika. Mstari ukaendelea kutetemeka. Neno letu linasafiri zaidi ya saa nzima mpaka Zohali, na la Bibi vivyo hivyo kurudi. Hivyo atanyamaza kule, na bado tutaendelea kumsikia. Na atakapofika kwenye neno lake la mwisho, kwetu atakuwa ameshazama. Darlene ndiye atakayekuwa anasikiliza.

"Basi," akasema Baldo. "Nakukabidhi."

"Nimempokea," akasema Darlene. Kisha, haraka, kana kwamba kuna anayemvuta nguo, "Baldo, nyumbani una simu?"

"Ninayo. Hailii."

"Nitajie namba."

Akanitazama, akamtazama Rosaura, uso umemwiva. Namba yake haijui! Hakuna aliyewahi kuiomba, angeikariri ya nini? Ikabidi Rosaura aje na simu yake ya mkononi, aitafute kwenye orodha ya wafanyakazi, ainame mbele ya kipaza sauti na kuitaja tarakimu moja moja, Darlene akirudia kila moja kutoka upande wa pili wa dunia.

"Akinyamaza nitakupigia," akasema. "Hata kama ni kwa kusema amenyamaza tu."

Bibi akazama. Mstari wetu ukalala.

Baldo akachukua koti lake akateremka kijijini, na viazi hakuvigusa. Nilipopita nyuma ya kanisa nikitoka zamu, taa yake ilikuwa inawaka. Simu ni ile ya zamani ya kuchomeka ukutani; alikuwa kaivuta mpaka waya ukaisha, kaiweka juu ya stuli, naye kakaa kando yake na koti lake hajalivua. Akanyanyua mkonga, akasikiliza kama laini ipo, akaurudisha harakaharaka, asije akaizuia. Muda kidogo akaunyanyua tena.

Sasa hivi ninavyowaambia, kule Zohali kumeshanyamaza, na sauti ya Bibi bado iko njiani inakuja. Mimi naingia asubuhi, na njia yangu ni kupita mlangoni kwake. Acheni kwanza nimwone usoni, kesho ndiyo mje mniulize kama simu ililia.