Kizingiti cha Meno ya Bibi

"Gonga tena," alisema Desmond Quan. "Huo umeoza, au unalalamika tu kama sisi?"

Merv Kostiuk aliinua nyundo akaugonga ubao wa tatu wa daraja kutoka juu. Ukatoa sauti nene, yenye maji ndani. Hakuhitaji kuugonga mara ya pili. Alipasua mierezi miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha vigae vya mbao, hadi kiwanda kilipofungwa, na hata sasa, akiwa na miaka sitini na mmoja, angeweza kukuambia afya ya ubao kwa kuusikiliza tu.

"Umeoza," alisema. "Tung'oe."

Wakaung'oa. Mvua ya Oktoba ilikuwa ile ya huku milimani juu ya Vancouver, isiyopiga wala kukoma, inayokulowesha huku unajidanganya kwamba ni umande. Kutoka chini zilisikika sauti za wenzao waliojitolea, wakizibua mifereji na kutaniana, maana Jumamosi ya kazi bila utani ni adhabu.

"Ah, kuna jambo," Desmond alisema, akijifanya anatafuta misumari mfukoni. Yeye ndiye aliyewapanga wachimba njia za baiskeli wote, mtu mwenye mdomo usiochoka, lakini sasa maneno yalimtoka kwa taabu. "Dada yake marehemu Tobin anakuja. Anaitwa Rhona. Ameomba aione njia. Mzee, zungumza naye wewe. Mimi nitaharibu."

"Kwa nini mimi?"

"Njia ni yako. Na wewe ndiye uliyemfikia wa kwanza."

Desmond akachukua msumeno wake na kuteremka kwa wengine, na ukiniuliza mimi, nitasema alikimbia.

Njia ilikuwa ya Merv kweli. Aliichimba kwa sululu na jembe miaka kumi na miwili iliyopita, akaiita Meno ya Bibi kwa sababu ya mawe saba yaliyochomoza mlimani yakiwa na mapengo katikati, kila moja likimdondosha mpanda baiskeli chini zaidi kuliko lililotangulia. Na kama ilivyo desturi ya wachimba njia wa mlima huu, aliipa kizingiti. Kile kilicho kigumu kuliko vyote unakiweka mlangoni, hatua kumi kutoka barabara ya magari ya msituni, ili asiyeweza ajue hawezi akiwa bado karibu na gari lake. Anachungulia, anatukana kidogo, anageuza baiskeli, anakwenda kunywa kahawa. Hakuna anayemcheka.

Kizingiti cha Meno ya Bibi kilikuwa jabali tupu lililosimama wima karibu sawa na ukuta, refu kuliko watu wawili, na chini yake daraja la mbao za mwerezi lililopinda kushoto. Ili upite ni lazima uachie breki. Ukiogopa ukaibana ya mbele, unaruka juu ya usukani. Na matairi yakitua darajani mbao hulia *du!*, sauti inayofika hadi bondeni, kwa hiyo aliyeko chini hujua kwamba anayekuja ni mtu wa kazi.

Merv hakuwahi kukipita.

Siku ya kuifungua njia, mtu mmoja alimuuliza kama ameshaipita mwenyewe, naye akajibu, "Asubuhi." Neno moja. Walimpigia makofi, wakamwagia bia kichwani, na tangu hapo neno lile likawa mali ya watu wote. Mwaka uliofuata alipanda jabalini mara tisa, akasimama, na mara tisa akateremka kwa miguu huku akitazama nyuma kama mwizi. Mwisho alichukua mundu akakata kijia chake cha siri, upana wa usukani tu, kilichoanzia nyuma ya gogo lililoanguka, kikalizunguka jabali na kuingia njiani hatua chache chini ya daraja. Alikikata ili aweze kuyateremka kwa baiskeli meno mawili ya mwanzo, siku za kiangazi, asubuhi, watu wakiwa kazini. Kwenye hayo mengine aliisukuma baiskeli.

Jumanne moja ya Mei iliyopita alikuwa kwenye jino la nne akizibua mfereji. Akasikia matairi yakija kutoka juu. Hakusikia mbao zikilia. Alielewa papo hapo: huyu kapita kijiani. Alikuwa na nafasi ya kupiga kelele, sekunde kumi, kumi na mbili. Badala yake alitabasamu. Hilo ndilo lililomla hadi leo, kwamba alitabasamu, kwa sababu kwa miaka kumi alikuwa peke yake katika aibu ile na sasa amepata mwenzake.

Kisha kikasikika kishindo. Alipomfikia kijana huyo, Tobin, alikuwa amelala ubavu kama mtu aliyejinyoosha kupumzika, na gurudumu la nyuma lilikuwa bado linazunguka, tiki-tiki-tiki, likipunguza mwendo. Merv aliisikia tiki-tiki ile kwenye birika likianza kuchemka. Aliisikia kwenye mfereji wa paa. Wiki iliyopita aliisikia kanisani, padri akiwa katikati ya sala, akageuka kutazama nyuma, na mama mmoja wa nyuma yake akamkazia macho.

Kesho yake baada ya ajali, kabla watu hawajapanda mlimani, alilivuta gogo likaziba mdomo wa kijia, akahamishia kangaga kumi na nne kutoka kwenye kijito, akazipanda na kuzimwagilia. Zote zilishika.

Rhona Pelkey alitokea barabarani akiisukuma baiskeli. Alikuwa na miaka kama thelathini, mfupi, mashavu mekundu kwa kupanda kilima, helmeti imefungwa kidevuni tayari. Merv aliitambua baiskeli kabla ya kumtambua mtu. Ilikuwa ile ya Tobin, imenyooshwa, ina usukani mpya na gurudumu jipya la mbele. Gurudumu la nyuma lilikuwa lilelile. Kila alipopiga hatua, liliongea.

"Wewe ndiye Merv?"

"Ndiye. Pole, dada. Sijui nianze wapi."

"Usianze. Kila mtu ananipa pole, nimeshiba." Alitabasamu kidogo. "Nataka unioneshe tu hapa panavyopitwa."

"Unapanda baiskeli siku nyingi?"

"Miaka miwili. Njia za buluu, za wastani. Moja nyeusi, ngumu, nikaanguka kama gunia." Alilitazama jabali. "Mama yangu! Picha zinadanganya."

"Sasa ya nini kupanda hapa?"

Rhona alitoa simu ndani ya koti, akaipangusa kioo kwa kidole gumba. "Ya Tobin hii. Siku ile ilikuwa inarekodi. Unaona mstari? Barabara ile pale, halafu hapa, hapa mlangoni, halafu chini mpaka..." Akakiondoa kidole kwenye kioo. "Kwenye ripoti ya ajali waliandika sentensi moja. Alipanda njia iliyozidi uwezo wake. Mama ameikariri. Anaisema jikoni, peke yake, anaosha vyombo anaisema. Kana kwamba Tobin alikuwa mtoto aliyepanda dirishani. Nikamuuliza Desmond kwenye simu, akanieleza habari ya kizingiti. Kwamba anayepita hapa, meno yaliyo chini anayaweza. Si ndivyo?"

"Ndivyo ilivyokusudiwa."

"Basi. Tobin alipita hapa. Alikuwa anaweza. Kilichotokea chini ni bahati mbaya, inampata yeyote. Nikipita na mimi, nitarudi nimwambie mama: nimepita alipopita, na sentensi yao ni uongo."

Merv aliutazama mstari. Ulikuwa mwembamba, mwekundu, na penye jabali ulipinda kushoto kama kiwiko, ukalizunguka, ukarudi.

"Hapo umepinda," alisema, na hakujua kwa nini amesema.

"Ah, simu zikiwa chini ya miti hukosea. Nimeuliza." Aliirudisha simu mfukoni. "Ubao ule unarudi lini?"

Daraja lilikuwa na pengo pale walipong'oa. Merv akarudi darajani, akapiga magoti, akauweka ubao mpya, akatoa msumari. Alifurahi kuwa na kitu cha kufanya mikononi. Akagonga wa kwanza. Rhona alikuwa amesimama juu ya jabali, anasogeza gurudumu la mbele, analirudisha, anasogeza, anapumua kwa mdomo. Merv akagonga wa pili. Ubao una misumari minne tu. Akagonga wa tatu, na mkono ukawa mzito, maana alihesabu, na akaona kwamba anamfungulia mlango kwa nyundo yake mwenyewe.

"Mvua imelainisha mbao," alisema. "Njoo siku kavu."

"Tobin alipita Mei. Mei ilinyesha."

"Magoti yanakutetemeka, nayaona kutoka huku."

"Yatetemeke! Unadhani sijui?" Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka. "Naogopa mpaka tumboni, bwana Merv. Lakini kama yeye aliweza, nitajikaza. Niambie tu. Wewe mara ya kwanza, asubuhi ile ya kufungua, ulijisikiaje?"

Hata hadithi ile ilikuwa imemfikia.

Merv aliutazama msumari wa nne katikati ya vidole vyake. Angeweza kusema: unaachia breki, unatazama mbali, hutazami chini. Maneno hayo aliyajua, amewapa watu mia. Huyu angeyashika, angeachia breki, na daraja lingelia *du!*, ama lisingelia. Na hata kama angefika darajani salama, meno saba yalikuwa yanamsubiri.

"Sijawahi," alisema.

"Hujawahi nini?"

"Kupita hapo. Hata siku moja. Niliwadanganya."

Rhona alicheka, akidhani ni utani wa wazee wa mlimani, kisha akauona uso wake. Merv aliinuka, magoti yakalia, akapanda kando ya jabali hadi kwenye gogo. Hakuwa na maneno ya kutosha kwa jambo lile, kwa hiyo alitumia mikono. Alilisukuma gogo kwa bega likabingirika. Akainama akashika kangaga ya kwanza shinani, akaing'oa na udongo wake. Ya pili. Ya tatu. Zilikuwa zimeshika vizuri, ilibidi avute kwa mgongo. Alipofika ya tano, kijia kilikuwa kimeanza kuonekana, udongo uliogandamizwa, upana wa usukani, kikipinda kushoto.

Rhona alikuja akasimama pembeni yake. Akaitoa simu tena. Akatazama simu, akatazama chini, akatazama simu.

"Nani alikata?"

"Mimi. Kwa sababu ya woga wangu."

"Na hizi?" Aligusa kangaga kwa ncha ya kiatu.

"Mimi pia. Kesho yake. Siku ile sikusikia mbao zikilia, nikajua amepita huku. Ningeweza kupiga kelele." Alisimama na udongo mikononi, mvua ikiuosha polepole. "Sikupiga."

"Ulizipanda," Rhona alisema taratibu. "Ndugu yangu yuko hospitali amefunikwa shuka, na wewe huku unapanda bustani. Miezi mitano. Mama anaosha vyombo na ile sentensi mdomoni, na wewe..."

"Rhona..."

"Usiniguse!"

Merv hakuwa amemgusa. Hata hivyo alirudi nyuma hatua mbili. Alijua anastahili kofi, na angelipokea kwa shukrani, lakini Rhona hakumpiga. Aliokota baiskeli, akaisukuma kurudi juu ya jabali, tiki-tiki-tiki, akapanda kitini. Merv alitaka kukimbia akashike usukani, miguu ikakataa, kwa sababu sasa alikuwa na haki gani ya kumzuia mtu yeyote pale?

Gurudumu la mbele lilivuka ukingo. Mguu mmoja ulibaki chini, mwingine kwenye pedeli, vidole viwili kwenye kila breki. Ubao mpya ulikuwa unang'aa chini yake, umebakiza msumari mmoja. Rhona alitazama. Alitazama muda mrefu kiasi kwamba sauti za wale wa chini zilianza kukaribia, Desmond akisikika anacheka, anamwuliza mtu nani amekula donati ya mwisho.

"Hakufika hapa?" Rhona aliuliza bila kugeuka. "Hata kuchungulia?"

"Alama za tairi zilikata kona palepale kwenye gogo. Hakuona jabali. Nadhani alidhani njia ndiyo ile."

"Unajua Tobin alikuwa anaogopa kimo? Taa ikiungua nyumbani, mimi ndiye ninayepanda ngazi. Yeye anashika miguu ya ngazi na kunipigia kelele nisianguke." "Angesimama hapa sekunde mbili. Mbili! Angekutukana wewe na bibi yako na meno yake. Angegeuka. Angenipigia simu anieleze, atie chumvi, aseme jabali lina urefu wa ghorofa tano."

Merv alijipangusa udongo wa mikono kwenye suruali.

"Huu woga," Rhona alisema. "Huu nilio nao sasa hivi. Ungemtosha."

Akairudisha baiskeli nyuma, ikamponyoka, ikalala kwenye kuvu laini ya jabali. Akakaa chini pale pale juu ya jabali, miguu ikining'inia ukingoni. Desmond na wenzake walikuwa wameshafika kwenye kona ya mwisho, sululu mabegani, na mmoja wao aliona kangaga zilizong'olewa akauliza kwa sauti kuna nini huko. Merv alijua baada ya hatua kumi zaidi itabidi aseme tena. Lakini macho yake yalikuwa kwa Rhona, kwenye mikono yake iliyolala mapajani, vidole viwili vya kila mkono vimekunjwa, kana kwamba bado vimebana breki.